Mashuka Mbele ya Kamera

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alitundika mashuka. Hilo halikuwa jina lake la darasani. Nyumbani walimwita hivyo kwa sababu alianza kuzungumza kabla hajapiga mswaki, na alinyamaza akishalala.

Mama yake alikuwa dobi. Nyumba ya wageni ya mtaa wa pili ilimletea mashuka kila siku, na wateja wengine walileta mashati, magauni na suti. Kazi ya kutundika ilikuwa na kanuni zake, na Chiriku alizijua zote. Shuka hukung'utwa kwanza ndipo litundikwe. Vibanio hukaa kwenye pembe. Mashuka meupe hukaa kwenye kamba ya mbele, karibu na nyumba, kwa maana hapo jua hufika mapema. Nguo za rangi na suti hukaa kwenye kamba za nyuma, kwenye kivuli cha ukuta, zisipauke. Karibu na kamba hizo za nyuma palikuwa na mlango mdogo wa kutokea kichochoroni.

Ndani, kwenye chumba cha pasi, Mama Pasi alikuwa ameshawasha redio. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono myepesi, na alipiga pasi huku akibishana na mtangazaji.

"Ati mvua haitanyesha!" alisema asubuhi hiyo. "Njoo ukae kwenye goti langu usikie linavyouma, ndipo utangaze."

Chiriku alicheka, kisha akaacha kucheka. Kutoka kaunta alisikia sauti ya Profesa ikiwapokea wateja.

Profesa alikuwa binti wa mama yake mkubwa. Alikuja mwanzoni mwa muhula, akiwa na begi moja na vitabu vingi kuliko nguo. Alimzidi Chiriku kwa mwaka mmoja tu. Kabla wiki haijaisha, mama alikuwa amempa kazi ya kaunta kwa sababu hakosei nguo ya mteja na hapotezi risiti. Chiriku aliwahi kuomba kazi hiyo akaambiwa, "Wewe utapiga soga na wateja mpaka mashuka yakauke yenyewe." Tangu hapo kila sifa aliyopewa Profesa ilimkaa Chiriku kooni kama mwiba wa samaki. Profesa ameamka mwenyewe. Profesa amemaliza hesabu zake. Mwone mwenzako.

Kisha nguo zikaanza kupotea. Lilianza shati la bluu, ikafuata suruali mpya, halafu gauni. Zote zilikuwa kwenye kamba za nyuma, na zote zilipotea mchana, saa ambayo mama huenda kupeleka mashuka yaliyonyooshwa kwenye nyumba ya wageni na watoto wako shuleni. Saa hiyo Mama Pasi hubaki peke yake. Majirani hawakuchelewa kulisema hilo.

"Nguo haina miguu," alisema jirani mmoja. "Na aliyebaki nyumbani anajulikana."

Mama hakupenda maneno hayo. Lakini alijua kwamba mteja akipotezewa nguo harudi, na akitoka hutoka na wenzake. Akampigia simu mdogo wake, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga kamera za usalama.

Mjomba alikuja siku ya mapumziko. Siku hiyo hakuna kufua, na kamba zote zilikuwa tupu. Mama alikuwa ndani na mgeni, kwa hiyo wasichana wawili ndio waliompokea uani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, wanangu. Haya, leo mtanisaidia kuchagua. Kamera haichaguliwi kwa uzuri. Inachaguliwa kwa mahali."

Alifungua sanduku lake na kuzipanga kamera juu ya karai lililofunikwa. "Hii ya duara, kama bakuli lililopinduliwa, ni ya ndani. Haipendi mvua. Hii ndefu kama tochi ni ya nje, ina kofia yake juu. Na hii inazunguka."

"Tuchukue inayozunguka!" alisema Chiriku. "Duka la vifaa vya ujenzi wanayo. Inageuka hivi, hivi, kama bundi."

"Inayozunguka ina kisogo, mwanangu. Mwizi akishaijua zamu yake, anasubiri igeuke."

Profesa aliutazama ua kutoka pembe moja hadi nyingine. "Mjomba," aliuliza, "tunataka kujua kwamba kuna mtu, au tunataka kumjua ni nani?"

Mjomba akaweka bisibisi chini. "Umesikia swali hilo, Chiriku? Watu wazima wenye maghorofa hawaniulizi! Sikilizeni. Lenzi ya kuona mapana inaonyesha ua wote, lakini uso wa mtu unakuwa mdogo kama punje. Lenzi ya kuona membamba inaonyesha mahali padogo, lakini uso unajaa. Ukikosea hapo, umenunua pambo."

"Ua wenyewe ni mdogo," alisema Profesa. "Ya mapana ikikaa kwenye ukingo wa paa, itaona kamba zote na mlango wa nyuma."

"Mjomba, mimi naona—" alianza Chiriku.

"Ngoja kidogo, mwanangu. Tumalizane na Profesa kwanza."

Mjomba hakulisema kwa ubaya. Alikuwa na kipimo mkononi na alikuwa anahesabu. Lakini Chiriku alihisi uso wake ukipata moto. Huu ulikuwa ua wake. Yeye ndiye aliyejua kila fundo la kila kamba, na sasa aliambiwa angoje, ampishe mtu ambaye asubuhi zote hukaa kaunta na jioni hukuta nguo zimeshaanuliwa.

Walikubaliana kamera ndefu ya nje, yenye lenzi ya mapana na inayohisi mwendo. Kitu kikisogea uani, simu ya mama italia. Mjomba alipanda ngazi, akatoboa, akakaza skrubu. Aliposhuka, aliwaonyesha picha kwenye simu ya mama. Ua mzima ulionekana, na mlango wa nyuma ulikuwa katikati.

"Haya, Chiriku," alisema mjomba, akifuta mikono. "Wewe ndiye mwenye ua. Siku za kazi hapa pakoje? Kuna kitu tumesahau?"

Chiriku alizitazama kamba tupu. Alijua kwamba kesho, kabla ya kengele ya shule, kamba ya mbele ingejaa mashuka kutoka ukuta hadi ukuta. Alijua kwamba upepo ukivuma hujaa kama matumbo ya walafi, na kwamba mtu akisimama nyuma ya mashuka hayo haonekani hata kofia. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Kisha akamwona Profesa ameishika simu ya mama kwa mikono miwili, anatabasamu.

"Hivihivi tu," alisema Chiriku.

Kesho yake, kabla hawajatoka kwenda shule, simu ilianza. "Kuna mwendo uani," ilisema sauti ya mwanamke asiye na haraka. Mama aliacha beseni, akakimbia na mikono ya povu. Lilikuwa shuka. Alirudi kwenye beseni. "Kuna mwendo uani." Lilikuwa shuka jingine. Ilipolia tena, Mama Pasi alitoa kichwa dirishani.

"Likaribisheni ndani hilo shuka, jamani, lipewe maji ya kunywa. Limebisha hodi mno!"

"Profesa, kamera yako inaogopa foronya," alisema Chiriku.

Mabega ya Profesa yalikuwa yamelegea kama ya mtoto aliyekemewa, na Chiriku alitembea kwenda shule akiruka madimbwi kwa furaha. Mama alizima mlio, akaacha kamera iendelee kurekodi kimyakimya. Mjomba alikuwa kazini mji mwingine. Alisema kwenye simu kwamba atakuja kuirekebisha akirudi, na kwamba kwa sasa kurekodi kunatosha.

Suti ya kijivu ilipotea katikati ya wiki. Ilikuwa ya kijana aliyeitwa kwenye usaili wa kazi asubuhi inayofuata. Jioni alikuja kuichukua akiwa ameshapaka viatu rangi. Mama alitafuta kwenye kamba, kwenye vikapu, chini ya meza ya pasi. Kijana alisimama kaunta na risiti yake, wala hakugombana, na hilo lilimuumiza mama kuliko matusi.

"Sina nyingine, mama," alisema tu.

Alipoondoka, mama alikaa na simu akatazama kilichorekodiwa mchana ule. Wasichana walisimama nyuma yake. Mashuka yalicheza, yakatulia, yakacheza. Kisha mtu mmoja alionekana. Alikuwa Mama Pasi. Aliinama, akapita chini ya shuka, akapotea upande wa pili. Baada ya muda alitokea tena akiwa amekumbatia mzigo wa nguo. Hakuonekana mtu mwingine.

Mama alimwita. "Dada, mchana ulitoa nini kwenye kamba za nyuma?"

"Foronya na mashati ya mwalimu. Yalikuwa yamekauka."

"Hukuona mtu?"

"Sikuona mtu." Mama Pasi aliitazama simu, kisha akamtazama mama. "Kumbe unaniuliza hivyo."

"Mdogo wangu alisema inaona ua mzima. Imeona mtu mmoja."

"Nakupigia pasi tangu huyu Chiriku namfunga mgongoni."

"Najua, dada. Kapumzike nyumbani kwanza. Mpaka nielewe."

Mama Pasi alichomoa pasi, akakunja kitambaa chake cha kunyunyizia maji mara nne, akakiweka pembeni ya meza. Mwisho akazima redio. Chiriku hakukumbuka kama aliwahi kukisikia chumba kile kikiwa kimya.

Baada ya chakula wasichana waliosha vyombo. Profesa alisugua sufuria moja muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ni kosa langu," alisema hatimaye.

"Kosa gani?"

"Mimi ndiye niliyesema ya mapana, kwenye ukingo wa paa. Kuna kitu sikukiona, sijui ni nini. Kwa shangazi nilikaa muhula mmoja, kwa babu mdogo muhula mmoja. Hapa nilitaka nionekane nina faida. Ndiyo maana nauliza maswali mengi." Alisuuza sufuria. "Wewe hata ukilala mchana kutwa, hapa ni kwenu. Nakuonea wivu mpaka tumbo linauma."

Chiriku alibaki ameshika sahani iliyokuwa inadondosha maji. Muhula mzima aliamini kwamba katika nyumba hii wivu ulikuwa wake peke yake. Alitaka kusema jambo la kuchekesha, lakini halikuja. Lililokuja lilikuwa neno lile lile alilolimeza siku ya kamba tupu, na sasa lilikuwa kubwa zaidi.

Asubuhi alitundika mashuka kama kawaida. Kisha alimwendea mama.

"Mama, shika simu. Tazama kamera. Usitoke mpaka nikuite."

"Una nini wewe? Utachelewa shule."

"Nakuomba, mama."

Alitoka kwa mlango wa mbele, akazunguka hadi kichochoroni, akaingia kwa mlango mdogo wa nyuma. Alitembea bila kujificha, kwa hatua za kawaida, nyuma ya mashuka. Alianua shati kwenye kamba, akalikunja, akatoka nalo njia ile ile. Aliporudi ndani kupitia kaunta alilitandaza mezani mbele ya mama.

"Umeniona?"

Mama alitazama shati, akatazama simu. "Sijakuona," alisema polepole.

"Haioni ua mzima, mama. Inaona ua mtupu. Mjomba alikuja siku ya mapumziko. Na dirisha la pasi liko upande ule ule wa kamera. Hata Mama Pasi hawezi kuona nyuma ya mashuka."

"Haya umeyajua lini?"

"Siku ile ile."

"Mjomba wako hakukuuliza?"

"Aliniuliza. Nikasema hivihivi tu." Sauti yake ilianza kukatika. "Nilitaka Profesa akosee."

Profesa alikuwa amesimama kaunta na kalamu yake. Aliiweka chini taratibu. Mama alilikunja lile shati upya. Chiriku angependa kugombezwa.

"Nenda shule," alisema mama. "Tutaongea. Kwanza nimpigie mjomba wako."

Mjomba alirudi haraka kuliko alivyopanga, na safari hii alikuja siku ya kazi. Alisimama katikati ya ua, mashuka yakimpiga mabegani, akacheka kwa aibu.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Nimepima ua uliolala. Haya, tuanze upya. Profesa?"

Profesa alimtazama Chiriku. "Aanze yeye."

Chiriku alionyesha mlango wa nyuma. "Kamera isitazame nguo. Nguo zinahama kila siku, mara hapa, mara pale. Mlango hauhami."

"Kama ni mlango tu," alidakia Profesa, "hatuhitaji mapana. Tutumie lenzi ya membamba, uso ujae."

"Iko," alisema mjomba. "Niifunge ukuta gani?"

"Si ule," alisema Chiriku. "Asubuhi jua litaipiga machoni. Ukuta wa upande huu, una kivuli siku nzima. Na isikae juu sana. Wengi wanaopita kichochoroni wanavaa kofia."

"Na mlio?" aliuliza Profesa. "Shuka lisiite tena."

Mjomba alichora mraba kwa kidole kwenye simu, ukazunguka mlango peke yake. Ndani ya mraba ule hapakuwa na kamba. "Nje ya hapa dunia yote na icheze ngoma, simu haitalia," alisema.

Siku iliyofuata haikulia. Iliyofuata hiyo, mchana, mama akiwa nyumba ya wageni na kikapu cha mashuka, simu ililia mfukoni. Aliitazama. Uso ulijaa kioo chote, kiasi kwamba angeweza kuhesabu vifungo vya shati. Alikuwa Bwana Nadhifu.

Huyo alikuwa mteja wao wa muda mrefu. Walimwita hivyo kwa sababu hakuwahi kuonekana na shati lenye kunyanzi. Alisalimia kila mtu na aliwauliza watoto habari za masomo. Sasa alikuwa anaufungua mlango wa nyuma bila kubisha, na mfuko mtupu umekunjwa kwapani.

Mama alipitia kwa mjumbe wa mtaa, ambaye nyumba yake ilikuwa njiani, na wote wawili wakasimama kichochoroni. Bwana Nadhifu alipotoka, mfuko ulikuwa umenenepa.

"Ah, mama! Nimepita kuchukua nguo zangu."

"Zako ziko kaunta, bwana. Hata hazijaloweshwa."

Kwenye mfuko mlikuwa na mashati mawili yenye unyevu bado. Nyumbani kwake, mbele ya mjumbe, walikuta shati la bluu, suruali, gauni na suti ya kijivu, vyote vimetundikwa vizuri kama dukani. Mjumbe alimpeleka polisi. Kijana wa usaili alirudishiwa suti yake, lakini alikuwa ameshakwenda kwenye usaili na koti la kuazima lililombana mabega. Mama alimfulia nguo zake bila malipo muhula mzima, ingawa alijua kwamba hilo halirudishi asubuhi ile.

Jioni ya siku mwizi alipokamatwa, mama alimchukua Chiriku wakaenda kwa Mama Pasi. Mama aliomba radhi akiwa bado mlangoni, kabla ya kukaribishwa kiti. Kisha akamsukuma Chiriku mbele kidogo, naye akasema yake yote bila kupunguza.

Mama Pasi alimsikiliza hadi mwisho. "Ungeniambia tu kwamba unamwonea wivu mwenzako," alisema, "tungecheka yakaisha. Mimi mwenyewe namwonea wivu mtangazaji, anasema uongo kila siku na analipwa." Kisha akaacha mzaha. "Lakini umeniumiza, Chiriku. Usifikiri hukuniumiza."

"Nisamehe, Mama Pasi."

"Kesho nakuja. Kitambaa changu kiko pale pale?"

"Hatukukigusa," alisema mama.

Njiani mama alitembea bila haraka. Walipofika karibu na nyumbani alisimama.

"Wivu wenyewe si kosa, mwanangu," alisema. "Humjia mtu kama njaa, bila kuitwa. Kosa ni ulichokifanya wivu ulipokujia. Bwana Nadhifu alichukua suti. Wewe hukuchukua nguo ya mtu, lakini ulikaa na neno ambalo sote tulilihitaji. Ulilificha limwaibishe Profesa, na likaenda kumwangukia Mama Pasi. Hivyo ndivyo yalivyo mambo ya kuficha, hujui yatamwangukia nani. Mwenzako akisifiwa, wewe hupungukiwi. Profesa anajua kamera, wewe unajua ua. Siku mlipoyaweka pamoja, mwizi alikamatwa."

Asubuhi Chiriku aliamka akamkuta Profesa ameshatangulia uani, amesimama mbele ya beseni la mashuka, hajui aanzie wapi.

"Kung'uta kwanza," alisema Chiriku. "Shika pembe ile. Kwa nguvu, usilionee huruma."

Ndani, redio ilisema kutakuwa na jua siku nzima.

"Mwongo!" alijibu Mama Pasi.